Kikapu cha Udongo, Mtungi wa Maji

Ukiuliza pale Mwansabombwe nchi hii iliwaangukiaje Walunda, habari za mikuki zitakuja baadaye. Kwanza utasimuliwa juu ya mwanamke aliyefika barazani kwa mfalme na vitu viwili, kikapu cha udongo na mtungi wa maji. Jina lake Nachituti. Hakuwa Mlunda, na mfalme aliyemletea vitu hivyo alikuwa mgeni katika bonde la Luapula. Mwenye nchi alikuwa Nkuba, na Nkuba alikuwa kaka yake.

Mwansabombwe ndipo yalipo makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki, katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Barabara itokayo Mansa hupita hapo. Upande wa magharibi ni mabwawa na mafunjo ya mto, na bwawa la Mofwe ambalo wafalme hawa walihamahama kandokando yake kwa zaidi ya karne. Ukiendelea kaskazini unafika Nchelenge na Kashikishi, ufukweni mwa ziwa Mweru, ambako upepo unanuka samaki mkavu. Ng'ambo ni Kongo, na sauti za Kiswahili cha Katanga huvuka maji pamoja na mitumbwi. Mara ya kwanza nilipotembea sokoni Kashikishi mama mmoja aliniita, "Papa, kuya uone!" nikageuka nikidhani nimesikia vibaya. Kilikuwa Kiswahili, ila kimevaa nguo nyingine.

Kwa muda mrefu sasa siwezi kuisoma habari ya Nachituti bila kukumbuka nyingine, ya kale zaidi, iliyomo katika maandiko ya Wayahudi: habari ya Esta, malkia wa Shushani. Zote mbili ni habari za mwanamke aliyepita mlango asioitwa kuupita. Katika zote mbili yupo mtu mkubwa aliyevimba mpaka akapasuka. Lakini kilichonishika zaidi ni mwisho wa hizo habari, mahali ambapo wasomaji wengi wameshafunga kitabu.

Tuanze na Nkuba. Washila, watu wake, walikuwa wavuvi wa Luapula ya chini na ziwa Mweru. Kwao, kama kwa Wabemba na wengi wa majirani zao, ukoo hufuata mama. Mtoto wa kumzaa mfalme hana kiti. Mwenye kiti ni mpwa, mtoto wa dada. Msomaji wa pwani au wa bara ya Tanzania anayejua uzito wa neno mjomba bado inampasa auongeze mara mbili hapa. Mjomba ndiye mlezi na mwenye neno la mwisho, na mpwa ndiye kesho ya mjomba. Dada wa mfalme naye si ndugu wa kike tu nyumbani. Tumbo lake ndilo linalozaa wafalme.

Nachituti alikuwa na mtoto wa kiume. Kijana akamkosea mjomba wake. Kosa lenyewe hutajwa kwa namna mbalimbali, kutegemea anayesimulia. Masimulizi ya Walunda yanasema Nkuba alimwua, na kumwua hakukumtosha. Akamchuna, na ngozi yake akaitandaza chini ya mkeka wake wa kukalia. Siku zikapita, watu wakija kumwamkia mfalme, akiwapokea akiwa amekaa juu ya mpwa wake. Nachituti naye akawa anakuja, anaketi, anaondoka, mpaka mtu akamnong'oneza kilichokuwa chini ya mkeka.

Nimewahi kujiuliza kwa nini wasimulizi waliishikilia ngozi hiyo kizazi baada ya kizazi. Mauaji ya ndugu yamejaa katika historia ya kila ufalme, wala hayahitaji mkeka. Nadhani walitaka kuonyesha aina ya kiburi ambacho hakiridhiki na kushinda. Nkuba alihitaji kumkalia aliyemshinda, tena kila siku, tena mbele ya watu wasiojua. Na kwa kuwa aliyekaliwa alikuwa mrithi wake, alikuwa anakalia kesho yake mwenyewe.

Hamani, katika habari ya Esta, ni ndugu yake wa tabia. Ahasuero, mfalme wa Uajemi mwenye majimbo 127 kutoka Bara Hindi hadi Kushi, alimweka Hamani juu ya wakuu wote, na kila mtu langoni pa mfalme akawa anamwinamia. Isipokuwa mmoja, Mordekai, Myahudi, aliyemlea Esta baada ya wazazi wake kufa. Hamani alikuwa na mali, watoto wengi, na sikio la mfalme. Yote hayo, alikiri mwenyewe kwa mkewe na rafiki zake, hayakumfaa kitu maadamu anamwona yule mmoja amekaa tu langoni. Kumwua Mordekai peke yake akaona ni jambo dogo. Akapiga kura, ambayo kwa lugha yao iliitwa puri, kutafuta siku ya kuangamiza kabila zima, na akaahidi talanta elfu kumi za fedha ziingie hazina ya mfalme. Baadaye akasimamisha mti wa kunyongea wenye urefu wa dhiraa 50. Ni urefu wa mnazi mrefu kabisa. Kumnyonga mtu hakuhitaji mti wa kiasi hicho, kuonekana kunahitaji.

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia, kwa sababu kina maneno mawili pale ambapo lugha nyingine zina moja. Kiburi ni cha Hamani. Lakini alichokuwa nacho Mordekai, kile kilichokataza mgongo wake usiiname, sisi tungekiita fahari, heshima ya mtu kwa asili yake. Tatizo ni kwamba kwa macho vinafanana. Mtu aliyekaa langoni bila kuinuka, huwezi kujua kwa kumtazama ana kipi kati ya hivyo viwili. Na watu wa Mordekai walikaribia kulipa kwa roho zao zote kwa ajili ya mgongo wa mtu mmoja. Sijapata kusikia mahubiri yanayolikaribia jambo hilo bila kulikwepa.

Nachituti akaondoka kwa kaka yake. Alikokwenda ndiko kwenye ajabu.

Mfalme wa Walunda wakati huo alikuwa Lukwesa Ilunga, Kazembe wa tatu. Watu wake walikuwa wametoka mbali magharibi, kwa Mwata Yamvo, na asili ya safari yao ni chumvi. Mkubwa mmoja, Mutanda Yembeyembe, aliyaficha machimbo ya chumvi asimwambie mfalme wake. Chinyanta akatoa siri hiyo, naye Mutanda akamzamisha katika mto Mukulweji. Mwata Yamvo akampa mtoto wa Chinyanta, Ng'anga Bilonda, jina la Kazembe na ruhusa ya kulipiza. Yeye ndiye wa kwanza. Wa pili, Kanyembo Mpemba, aliufikisha ufalme Luapula. Ukitazama vizuri, Walunda hawa walikuwa na kisasi cha ndugu tumboni mwa historia yao kabla mama huyu hajawafikia na cha kwake. Kiti chao, tofauti na cha Washila, hufuata baba. Walikuwa wageni kwa lugha na kwa desturi, na walikuwa wanatafuta nchi.

Mfalme wa namna hiyo humwendei kama unavyokwenda kwa jirani. Wageni Wazungu waliofika baadaye katika baraza ya Kazembe waliandika juu ya watu kujimwagia vumbi mwilini wakimsalimu, na makofi, na umbali uliotengwa kati ya mfalme na mtu wa kawaida. Kwa Ahasuero masharti yalikuwa makali zaidi: aingiaye ua wa ndani bila kuitwa, mwanamume au mwanamke, hufa, isipokuwa mfalme amnyooshee fimbo ya dhahabu. Esta alikuwa hajaitwa kwa siku 30. Akafunga siku tatu, akavaa mavazi ya kimalkia, akasimama uani. Kabla yake, tusimsahau Vashti, malkia aliyeitwa kuja kuonyesha uzuri wake mbele ya walevi akakataa, akavuliwa taji. Mmoja aliadhibiwa kwa kutokwenda alipoitwa, mwingine alihatarisha roho kwa kwenda bila kuitwa. Katika jumba hilo mwanamke hakuwa na hatua iliyo salama.

Lakini Esta alikuwa mke wa nyumba ile. Alijua mfalme hupenda karamu na divai, akaandaa karamu, akaahirisha ombi lake hadi karamu ya pili, akamwacha Hamani alewe heshima. Usiku wa katikati mfalme alikosa usingizi, akasomewa kitabu cha kumbukumbu, akakuta Mordekai aliwahi kuokoa maisha yake na hajapewa zawadi yoyote. Asubuhi Hamani ndiye aliyemwongoza Mordekai juu ya farasi mjini akimpigia mbiu. Baada ya hapo mti wa dhiraa 50 ulimpata mwenyewe aliyeusimamisha.

Nachituti hakuwa na karamu ya kuandaa. Alifika kwa wageni bila mume wala ndugu wa kumsemea, akiomba jambo ambalo kwao halitamkiki: kaka yangu auawe. Esta aliwasemea watu wake dhidi ya adui yao, na Wayahudi wa Shushani walikuwa nyuma yake wakifunga. Nachituti alisema dhidi ya damu yake. Kama Lukwesa angekataa, hakuwa na nyumba ya kurudi. Ujasiri wa aina hii hausimuliwi sana, kwa sababu unakaa karibu mno na usaliti, na anayesimulia hujikuta anapima maneno.

Mfalme akakubali. Majeshi yakaenda, Nkuba akauawa, na kichwa chake, wanasema, kikaletwa. Ndipo Nachituti akachota udongo akajaza kikapu, akachota maji akajaza mtungi, akampelekea Mwata. Udongo ni nchi kavu na vyote viotavyo. Maji ni mabwawa, mikondo, ziwa, na samaki wote waliomo. Alitoa vyote viwili.

Ushike ule mtungi kidogo. Katika bonde hili nchi kavu ni nyembamba, muhogo unapandwa kwenye kichanga, na mvua zikijaa mashamba ya kando ya mto hupotea. Utajiri uko majini. Kila bwawa la Luapula lilikuwa na mwenyewe, kila mahali pa kutega palikuwa na mtu wa kuombwa ruhusa kabla ya wavu kuingia majini, na sehemu ya kile kilichonaswa ilipanda kwenda kwa mkubwa. Mpumbu, samaki mkubwa aliyepanda mto kwa makundi wakati wa mvua kutaga mayai, alisubiriwa kama mavuno. Kwa hiyo mtungi ulikuwa haki ya ushuru. Aliyeupokea alipokea mkono wa kila mvuvi.

Sasa nenda ukasome mwisho wa kitabu cha Esta. Baada ya Hamani kunyongwa, amri ya kwanza haikuweza kufutwa, kwa kuwa sheria ya Uajemi haikubali kurudishwa nyuma. Ikatolewa amri ya pili: Wayahudi wajitetee. Wakajitetea, na kitabu kinahesabu 75,000 waliouawa majimboni, kikitaja kwa msisitizo kwamba nyara hawakugusa. Ikawekwa sikukuu, Purimu, tarehe 14 na 15 za mwezi wa Adari. Halafu inakuja sura fupi ya kumi, ambayo watu huiruka. Sentensi yake ya kwanza inasema kwamba Ahasuero akatoza kodi, bara na visiwani.

Basi. Mwanamke alihatarisha shingo yake, adui akaanguka, watu wakapona, na mfalme ambaye muhuri wake ulipiga amri ya kwanza ya mauaji akabaki kitini akikusanya. Kitabu kizima hakimtaji Mungu hata mara moja, jambo ambalo limewasumbua wafafanuzi kwa karne nyingi, lakini kodi kinaitaja. Aliyekiandika alikuwa mtu asiyedanganyika, nami ninamheshimu kwa sentensi hiyo kuliko kwa mti wa Hamani. Nachituti naye alilipiza kisasi cha mwanawe, na bara na maji yakapata mtoza ushuru mpya.

Ushuru huo ulimfanya Kazembe kuwa nani? Mwaka 1798, Lukwesa huyu huyu alipokea msafara wa Wareno kutoka Tete, ukiongozwa na Francisco José de Lacerda e Almeida, mtaalamu wa nyota na hesabu aliyetumwa kutafuta njia ya kuunganisha Msumbiji na Angola. Lacerda alifika hoi kwa homa, akafa huko huko mwezi Oktoba. Wenzake waliomba ruhusa ya kuendelea magharibi wakanyimwa. Biashara ya shaba, chumvi, pembe na watumwa ilipita mikononi mwa Kazembe, na hakuona sababu ya kuwaonyesha wageni njia ya kumzunguka. Mwaka 1806 wafanyabiashara wawili Waafrika kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walifika wakakaa miaka minne kabla ya kuachiwa waendelee hadi Tete, ambako waliwasili 1811, wakiwa wamekata bara kutoka upande mmoja hadi mwingine miongo mingi kabla ya Livingstone. Msafara mwingine wa Wareno ulikuja 1831 kwa Kazembe Kanyembo Keleka Mayi, ukarudi mikono mitupu. Kuwasubirisha watu ulikuwa ufundi wa baraza hii. Anayeweza kukusubirisha miaka minne hahitaji kukuonyesha upanga.

Watu wetu wa pwani nao walisubirishwa. Muhammad bin Salih aliwekwa kwa Kazembe miaka mingi, si mfungwa wa minyororo ila hana ruhusa ya kuondoka, mpaka Livingstone alipofika mwishoni mwa 1867 na kumsemea. Miaka michache baadaye mzee huyo yuko Ujiji, miongoni mwa waliompokea Stanley. Huyo Livingstone aliona lango la Kazembe limepambwa kwa mafuvu ya watu, na akaona mjini watu waliokatwa masikio na mikono. Mfalme alikuwa Muonga Sunkutu, Kazembe wa saba. Kilichoanza na mkeka wa Nkuba kilikuwa kimehamia kwa waliomwondoa Nkuba.

Na kama Nkuba, Sunkutu aliangushwa na wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 wafanyabiashara wa pwani, ndugu yake Tippu Tip miongoni mwao, waligombana naye, mji ukavamiwa na mfalme akauawa. Ninaandika haya kwa Kiswahili, na ni vyema msomaji wa Kiswahili ajue kwamba bunduki hizo zilisema lugha yetu. Katika Luapula sisi hatumo upande wa Esta.

Ufalme ukabanwa pande zote. Magharibi, Msiri wa Wayeke, ambaye asili yake ni Unyamwezi, alikuwa amejenga dola lake Katanga na kuingiza mkono katika ugomvi wa urithi wa Walunda. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikuja na mikataba ya Waingereza. Kazembe wa kumi, Kanyembo Ntemena, alitia alama. Msiri alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Leopold wa Ubelgiji, ulimpiga Msiri risasi nyumbani kwake, na kichwa chake kikasimikwa juu ya mti.

Wengi husimulia kwamba Msiri alikuwa shujaa na Kazembe mwoga. Sikubali. Kanyembo Ntemena alikubali karatasi, lakini karatasi ilipogeuka kuwa bendera na kodi akasema hapana. Mwaka 1897 Blair Watson alikuja kutoka boma la Waingereza la Kalungwishi na askari, Masingasinga wakiwemo, akarudishwa nyuma. Kwa miaka miwili Mwansabombwe haikuinama. Mwaka 1899 Sharpe alikuja mwenyewe na nguvu kubwa zaidi. Mji ukachukuliwa, ukachomwa moto, watu wakauawa. Mwata hakungoja afe kitini. Alivuka Luapula.

Kilichofuata kingemfurahisha mwandishi wa Esta. Mfalme ambaye kiti chake kiliwahi kusubirisha misafara alikwenda kutafuta hifadhi kwa wamisionari wachache wa Mambilima, karibu na maporomoko ya mto. Hawakuwa na jeshi. Wao ndio waliomsemea kwa maofisa wa kampuni ya Waingereza iliyoitawala nchi, na mwaka 1900 akarudi kwake akiwa Mwata bado, ila sasa juu yake kuna mwingine. Safari hii Kazembe ndiye aliyesimama uani, akiangalia kama fimbo itanyooshwa. Ikanyooshwa, na punde kodi ya nyumba ikaanza. Bara na visiwani, kama kawaida.

Mwaka huo huo wa 1900 London Missionary Society ilifungua misheni Mbereshi, karibu na Mwansabombwe, na mwaka 1915 Mabel Shaw akaanzisha huko shule ya bweni ya wasichana, aliyoiongoza hadi 1940. Maandiko ya Wayahudi yalifika Mbereshi ndani ya mizigo ya watu waliokuja majivu ya mji yakiwa hayajapoa vizuri. Lakini usidhani yalikuta watu wasio na kitabu. Walikuwa nacho, ila kilikuwa kinasemwa. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Luapula kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, alishangazwa na namna wakuu wa huko wanavyosimulia historia: husema mimi. Nilivuka mto. Nilimpa fulani bwawa. Anayesema anaweza kuwa kijana wa miaka 40, na tukio likawa la miaka 150 iliyopita, kwa sababu aliyerithi jina amerithi na ndugu, na madeni, na matendo ya jina hilo. Nkuba aliuawa, lakini jina likarithiwa. Na mrithi wake, akitaka, anaweza kusema: niliuawa na Kazembe.

Mwata Kazembe wa kumi na nne, Chinyanta Nankula, aliona maneno hayo yanahitaji karatasi. Kwa msaada wa Edouard Labrecque wa shirika la Mapadre Weupe yakatoka, kwa Kibemba, katika kitabu Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani mababu zangu na watu wangu, kilichochapishwa 1951. Kikapu na mtungi vimo. Mfalme aliyetawaliwa na wengine alikuwa anaandika hati ya nchi yake, na shahidi wake mkuu alikuwa mwanamke Mshila. Ndiyo maana huwa sijiulizi sana kama kila jambo katika habari ya Nachituti lilitokea jinsi linavyosimuliwa. Ni Walunda wanaosimulia, na hadithi inamalizia mahali wanapopahitaji: nchi hatukuinyang'anya, tulipewa. Wayahudi nao walihitaji habari inayoeleza kwa nini mwezi wa Adari wanakunywa na kucheka, na watoto wanapiga kelele kila jina la Hamani linaposomwa.

Sikukuu ya Mwansabombwe ni Mutomboko, mwishoni mwa Julai. Ngoma yenyewe ni ya kale, lakini tamasha la kila mwaka, lenye jukwaa la mawaziri na vipaza sauti, ni la baada ya uhuru wa 1964. Mwata huletwa kwa machela hadi uwanjani, huku watu elfu kadhaa wakisongamana kwenye kamba. Amevaa mukonso, vazi la kitambaa kingi kilichokunjwa kiunoni hadi kikatuna, na taji la shanga. Mkono mmoja shoka, mwingine upanga. Ngoma zinaanza polepole. Anacheza peke yake, miguu mizito kwanza, halafu wepesi unaingia, na kitambaa kinazunguka nusu hatua nyuma ya mwili wake. Wanawake wanapiga vigelegele. Mwishoni anaelekeza silaha juu mbinguni na chini ardhini, na wenyeji hueleza kwamba anasema hakuna wa kumshinda isipokuwa Mungu aliye juu na udongo atakamozikwa.

Nilipoelezwa hivyo nilitazama chini, pale alipokuwa ameelekeza upanga. Vumbi tu, jekundu, limepondwapondwa na nyayo. Ni udongo wa kikapu kile.

Na maji? Kashikishi asubuhi wanawake wanatandaza chisense mchangani. Ni samaki wadogo kama dagaa wa kwetu, huvuliwa usiku kwa taa, na jua likipanda ufuo mzima unameta kama bati. Yule mama aliyeniita sokoni ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuwageuza kwa ufagio bila kuwavunja. Nilimuuliza anamlipa nani ushuru. Akahesabu kwa vidole: halmashauri, wa soko, wa mtumbwi, wa taa, na akivusha mzigo kwenda Kongo, wa huko pia. Tena kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi, samaki wazaane, na kila mtu hutafuta la kufanya. Nikamuuliza kama anamjua Nachituti.

"Mama yetu huyo," akasema, na kunikabidhi ufagio ili akafukuze kunguru.